Mdogo Wangu Anafurahia Kucheza Mhusika Mwovu, Mimi Nashindwa

SWALI

Ndugu Mshauri,

Ninakusalimu kwa heshima. Mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake, tumecheza michezo ya video ya kuigiza uhusika tangu utotoni, hasa ile ya ulimwengu wa kubuni wenye uchawi, mapanga na majoka. Miaka yote hiyo tulicheza kwa zamu, kila mmoja na mhusika wake, kwa hiyo tofauti zetu hazikuwahi kugongana. Mimi ninapopewa nafasi ya kuchagua huwatetea wanyonge, husema kweli na hukataa malipo ya mjane. Yeye huiba, husaliti, na akikutana na mfalme anayeweza kupinduliwa humpindua.

Mambo yalibadilika tulipoanza kucheza pamoja Baldur's Gate 3, kioo kikiwa kimegawanywa pande mbili. Kwa wasioujua mchezo huo, sehemu yake ya kwanza ina mahali paitwapo Emerald Grove, ambapo wakimbizi wamejificha pamoja na walinzi wa msitu, huku jeshi la magoblini, viumbe wakatili wa kubuni, likiwatafuta ili liwaangamize. Mchezaji anaweza kuwatetea wakimbizi hao au kumfungulia adui lango. Mimi nilikuwa nimekaa nao kwa muda mrefu, nikawajua kwa majina na kusikiliza habari zao. Nilipokuwa bado nanunua dawa kwa mmoja wa wafanyabiashara wao, mdogo wangu alikwenda peke yake kwa Minthara, kamanda wa upande wa pili, akamweleza mahali walipojificha. Mapigano yalipoanza nilijikuta upande wa wauaji bila kuulizwa, naye alikuwa akicheka.

Tulibishana sana. Aliniambia kwamba wema wangu ni wa bei rahisi, kwamba ninachagua jibu jema kwa sababu ninajua mchezo utanilipa, na kwamba yeye angalau ana ujasiri wa kuuona upande wa pili wa hadithi. Kisha akaniuliza iwapo ninamwona ana roho mbaya. Sikumjibu. Nje ya mchezo ni mtu mpole, na mama yetu anapougua yeye ndiye anayekesha naye.

Maneno yake yalinichoma, nikaamua kujaribu peke yangu. Nilianzisha mhusika mwovu na kuapa kwamba nitafika naye mwisho, lakini baada ya kuwashambulia wakimbizi nilitembea kati ya maiti za watu niliowajua, wenzangu wawili wakaniacha, nami nikaona aibu ya kweli, nikazima mashine. Sijaufungua tena. Je, kushindwa kucheza uovu ni udhaifu? Je, mtu anayeufurahia kiasi hicho ana jambo ndani yake la kuogopwa? Na tufanye nini ili tuendelee kucheza pamoja, maana huo ndio muda pekee tunaoupata sisi wawili?

Wako,
Dada Mkubwa

JIBU

Dada Mkubwa,

Nitaanza na shutuma ya mdogo wako, kwa sababu ndiyo iliyokuchoma, na kwa sababu nusu yake ni kweli.

Michezo mingi ya aina hii hulipa wema, tena hulipa vizuri. Katika Baldur's Gate ya kwanza, iliyotoka mwaka 1998, kundi lako lilikuwa na kipimo cha sifa, na sifa ilipopanda bei za madukani zilishuka. Sifa yenyewe ungeweza kuipandisha kwa kutoa dhahabu hekaluni. Fable ya mwaka 2004 iliuandika uadilifu wako mwilini, mwovu akiota pembe na mwema akipata duara la nuru juu ya kichwa, lakini humo pia palikuwa na hekalu la Avo ambapo mtu aliyetoka kutenda maovu aliweza kujinunulia upya wema wake kwa fedha taslimu. Hata Dragon Age: Origins ya mwaka 2009, ambayo haikuwa na kipimo cha namna hiyo na ambayo mimi binafsi ninaipenda sana, ililegea mahali palipohitaji uthabiti. Katika ngome ya Redcliffe unakutana na mtoto aliyetawaliwa na pepo, na unaambiwa kwamba itakubidi ama umuue, ama umtoe mama yake kafara ya damu ili pepo afukuzwe. Hapo mchezaji anakabiliwa na uamuzi mzito kweli. Lakini kuna njia ya tatu: kwenda kuomba msaada kwa wachawi wa mnara wa mbali, huku mtoto akiachwa na pepo wake ngomeni. Ukiichukua njia hiyo, hakuna baya linalotokea wakati haupo. Unarudi na msaada, mtoto anapona, mama anapona, na kila mtu anakushukuru. Uamuzi uliokuwa mzito umeyeyuka, na kilichobaki ni kujua tu kwamba njia hiyo ipo.

Wahenga walisema tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Michezo hii kwa sehemu kubwa imejengwa kinyume cha usemi huo, kwa maana shukrani inakungoja mlangoni, mara nyingi ikiwa na upanga bora kuliko ulionao. Mdogo wako ameliona hilo, na ameliona sawasawa.

Alipokosea ni pale alipochukua kasoro ya mchezo akakubebesha wewe. Kwamba wema hulipwa haina maana kwamba wewe uliutenda kwa ajili ya malipo. Mtu anayepiga hesabu ya malipo hakai kusikiliza habari za wakimbizi hadi akawajua kwa majina, kwa sababu mchezo haulipi chochote kwa kujua majina. Hata hivyo sitaki ulipokee neno langu kama faraja tu, na kuna namna ya kujipima. Angalia unavyofanya mahali ambapo wema unagharimu.

Mahali hapo pamekuwapo tangu zamani. Ultima IV ya mwaka 1985 ilikuwa na muuzaji kipofu wa dawa za uchawi, aliyekuachia wewe useme unalipa kiasi gani. Hapakuwa na mlinzi wa kukukamata. Ungeweza kumpunja na kuondoka na sarafu zako, na kipimo cha uaminifu kingeshuka kimyakimya bila kukuonyesha tarakimu yoyote, hadi baadaye sana ulipogundua kwamba njia ya kuwa Avatar, mtu aliyekamilika katika fadhila zote, imekuwa ndefu zaidi. Ninaamini kwamba yule muuzaji kipofu anafundisha zaidi ya vipimo vyote vya pembe na nuru vilivyokuja baadaye. Katika The Witcher 3 ya mwaka 2015 kuna roho iliyofungwa chini ya mti, na ukiifungua itawaokoa watoto mayatima ambao vizee watatu wa kinamasi wanataka kuwala. Lakini kijiji jirani kitaangamia, na mama mmoja ambaye mumewe anamtafuta kwa majuto atapotea kabisa. Ukiiua roho hiyo, watoto wanakwisha. Hakuna mnara wa mbali wa kukimbilia. Ikiwa katika uamuzi wa namna hii huwa unasimama, unawaza, unachagua na kuukubali uchungu wa ulichochagua, basi wema wako si wa bei rahisi. Ikiwa huwa unakimbilia kutafuta maelekezo ya namna ya kupata mwisho usio na hasara, basi chukua nusu ya shutuma iliyo ya kweli na uicheze tena hadithi hiyo bila maelekezo. Utaona ni mchezo mwingine.

Sasa kuhusu kushindwa kwako kucheza mwovu. Huko si kuwa dhaifu, wala hauko peke yako. Mwaka 2020 mmoja wa watu waliofanya kazi katika kuutengeneza Mass Effect, mchezo wa safari za angani wenye mfumo uleule wa kuchagua njia mbili, alieleza hadharani kwamba takribani asilimia 92 ya wachezaji walifuata njia ya wema, ingawa timu ilikuwa imetia bidii nyingi katika njia ya pili. Watu wengi wakipewa ulimwengu usio na polisi wala adhabu bado huchagua kumsaidia mtu aliyeanguka. Isitoshe, ipo kazi ya kitaalamu inayohusu aibu uliyoipata. Mwaka 2014 Matthew Grizzard na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu waliocheza upande mwovu katika mchezo wa video walipata hisia za hatia, na hatia hiyo iliendana na kuwa makini zaidi, si kidogo, katika masuala ya kuumiza watu na ya haki. Walitumia mchezo wa vita, si wa majoka, kwa hiyo nisiupanue zaidi ya ulipofika. Lakini haukuunga mkono wazo kwamba mtu anayeona haya mbele ya maiti za kubuni ana kasoro.

Lakini kuna sababu nyingine ya kushindwa kwako, nayo ni ya kiufundi zaidi kuliko ya moyoni. Uovu katika michezo hii mara nyingi umeandikwa vibaya. Mwovu wa hadithi nzuri ana jambo analolitaka, na analitaka kiasi kwamba watu wengine wanageuka vizuizi mbele yake: kiti cha enzi, kisasi, uhai wa mtu mmoja anayempenda, au hata utaratibu na amani kama anavyoielewa. Mchezaji wa uovu, kinyume chake, mara nyingi hupewa jibu la kumtukana mkulima, kumpiga teke mbwa na kudai malipo mara mbili. Huo ni ukatili usio na shabaha, na mtu mwenye akili timamu huuchoka haraka hata kama dhamiri yake imelala. Baldur's Gate 3 ni bora kuliko mingi, lakini hata humo hesabu ya tukio la Emerald Grove haiko sawa. Anayewaua wakimbizi anawapoteza Karlach na Wyll, wenzake wawili wa safari, anampoteza Halsin, kiongozi wa walinzi wa msitu, na anapoteza mlolongo mrefu wa mikutano na kazi ambazo wakimbizi hao wangemletea katika sehemu zinazofuata. Anachopata ni Minthara, ambaye kwa kweli ni mhusika aliyeandikwa kwa ustadi mkubwa, na kimya kirefu mahali ambapo wenzake wengine wana mazungumzo. Watengenezaji wenyewe, Larian Studios, walirudi mwaka 2024 wakaongeza miisho mipya kwa wachezaji waovu, jambo ambalo wasingelifanya kama upande huo ungekuwa umeshiba tangu mwanzo. Kwa hiyo ulipozima mashine, sehemu ya ulichokikimbia ilikuwa aibu, na sehemu ilikuwa hadithi iliyopungua. Nadhani hukuzitofautisha, na ni vigumu kuzitofautisha ukiwa umesimama katikati ya maiti.

Ukitaka kujaribu tena, na si lazima utake, usianze na kiapo cha kuwa mwovu. Anza na mtu. Mpe mhusika wako jambo moja analolihitaji kuliko heshima yake, na mstari mmoja ambao hatauvuka kamwe, kisha umwache akutane na ulimwengu. Yule atakayewauza wakimbizi kwa sababu, kama wahusika wakuu wote wa mchezo huo, ana mdudu kichwani anayemla ubongo, naye anaamini kwamba dawa iko upande wa Minthara, huyo utaweza kutembea naye hata kama unamchukia. Pia ninakushauri uutazame Tyranny, uliotengenezwa na Obsidian na kutoka mwaka 2016, ambao unaanzia pale ambapo hadithi nyingine zinaishia: mtawala mwovu Kyros ameshashinda, nawe ni hakimu katika utumishi wake. Huko uovu haupigi mbwa teke. Umevaa joho, unasoma amri iliyoandikwa vizuri, na amri hiyo itaua kila mtu bondeni, pamoja na wewe mwenyewe, ikiwa ngome haitatekwa kabla ya siku iliyowekwa. Utaelewa humo jinsi watu wa kawaida wanavyojikuta wakifanya maovu, na utaelewa bila kulazimika kucheka.

Nije kwa kicheko cha mdogo wako.

Watu hupenda kusema kwamba anayecheza mwovu ni kama mwigizaji wa jukwaani anayemwigiza muuaji, na kwamba hakuna anayemshtaki mwigizaji. Ninaikubali hoja hiyo kwa shingo upande, kwa sababu mwigizaji hupewa maneno na mwandishi, ilhali mchezaji hujichagulia. Anachochagua kinasema jambo fulani juu yake. Lakini jambo hilo mara nyingi ni udadisi. Wapo wachezaji ambao furaha yao ni kuona ukuta wa hadithi uko wapi: je, mwandishi alifikiria kwamba nitamsaliti huyu, je, aliandika mazungumzo ya hali hiyo, je, mchezo utaniruhusu? Wanacheka ukuta unapofunguka. Undertale, ambao Toby Fox aliutoa mwaka 2015, ulitengenezwa ukiwa unawajua wachezaji hao vizuri. Mchezo huo unaweza kuumaliza bila kuua kiumbe hata kimoja, na unaweza pia kuwaua wote. Lakini ukiwaua wote kwa sababu tu ulitaka kuona kitakachotokea, mchezo unakwambia hivyo usoni, na ukifuta na kuanza upya unakumbuka ulichofanya. Ikiwa mdogo wako hajaucheza, mpe. Ni swali halisi kwa mtu wa aina yake, na limeulizwa na mtu anayemwelewa.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuogopa alichowafanyia wakimbizi wasiokuwapo, na kijana anayekesha na mama mgonjwa amekwisha kukujibu kuhusu roho yake. Ninachokiona ni jambo jingine, ambalo katika barua yako umelipitia haraka. Chumbani palikuwa na mtu mmoja tu wa kweli ambaye angeweza kutendewa ubaya, na mtu huyo ulikuwa wewe. Alijua kwamba umewekeza muda na mapenzi yako katika mahali pale, akapabomoa bila kukuuliza, kisha akakuambia kwamba kuumia kwako ni dalili ya wema wa bei rahisi. Mhusika wake hana hatia mbele yako. Yeye anayo, ndogo lakini halisi, na ndiyo unayostahili kuizungumza naye. Watu wanaocheza Dungeons & Dragons mezani, mchezo wa mwaka 1974 ambao ndio mzazi wa hii yote, wamejifunza kwa muda mrefu kwamba mtu hapaswi kuharibu jioni ya wenzake kisha ajitetee kwamba mhusika wake ndivyo alivyo. Makundi mengi hukubaliana kabla ya kuanza ni mambo gani yatakayoruhusiwa kati ya wachezaji, hasa kusalitiana na kuibiana, na ninyi wawili hamkukubaliana chochote.

Nawe unadaiwa jambo moja. Alikuuliza kama unamwona ana roho mbaya, ukanyamaza, na kimya katika swali kama hilo husikika kama ndiyo. Mjibu kwanza, kabla ya kumweleza malalamiko yako, na umjibu kwa maneno yaliyo wazi. Baada ya hapo mwambie lililokuumiza ni lipi hasa, ili asidhani kwamba bado mnabishana juu ya magoblini.

Kisha anzeni upya, kwa sababu kundi lile la kwanza sidhani kama linaokoleka. Kubalianeni nani anazungumza wapi, maana katika Baldur's Gate 3 anayeanzisha mazungumzo ndiye anayekata shauri. Mwenzake anaweza kusikiliza na kuonyesha jibu analolipendelea, lakini hawezi kumzuia. Wekeni kanuni kwamba uamuzi wowote utakaoua watu wengi au kumfukuza mwenzenu kambini hautafanywa na mmoja wenu mwingine akiwa dukani. Akitaka kuangamiza kila kitu, na aangamize katika mchezo wake wa peke yake. Ni haki yake, na huna haja ya kuketi na kutazama.

Kwa mchezo wenu wa pamoja nina pendekezo ambalo naamini litawafaa wote wawili. Mwombe achukue mhusika aitwaye Dark Urge. Huyo ni mtu asiyekumbuka maisha yake ya nyuma, ambaye ndani yake kuna msukumo wa kuua usiotoka kwenye hasira wala tamaa, na ambao mara nyingine unamtangulia kabla mchezaji hajaulizwa. Mdogo wako atapata giza lote analolitaka, tena giza lililoandikwa kwa kina kuliko kufungua lango tu. Lakini mhusika huyo anaweza pia kupambana na msukumo wake, na hapo wema unagharimu: anayetii na kuua anaotumwa kuwaua hupewa umbo la kutisha la Slayer, na anayekataa hulikosa, hubaki na usiku wa kufungwa kamba na mwenzake ili asimdhuru. Wewe cheza kama kawaida yako, na yeye achague mwenyewe, kila mara msukumo unapomjia, atafanya nini huku wewe ukiwa karibu naye. Msimwekee sharti la kuishia upande gani, ila tu akubali kukuambia kabla hajanyanyua kisu.